Kabla ya kugeuza kitanda, uliza upepo unatoka wapi

Mada ya wiki hii ni zile video za fengi shui zinazozunguka kwenye simu zetu: weka kitanda hivi, kioo vile, mlango utazame huku, pesa zitakuja. Nimeona wengi mumecheka. Wengine mumeandika ni uchawi wa Wachina, tuombe tu. Mimi sikucheka, na uchawi siuogopi. Nina hasira kidogo, lakini pia kuna kitu ndani ya hiyo elimu ambacho nakipenda. Acha nianze na hasira.

Mwaka jana, mwezi wa sita, mudogo wangu wa kike alitazama video moja. Mama aliyekuwa anaongea humo, Kiswahili chake kizuri cha pwani, alieleza kwamba dirisha likitazamana na mlango, baraka na pesa vinaingia huku na kutokea kule, havikai. Sasa nyumba yetu ni chumba kimoja na nusu. Mlango ni mmoja, dirisha ni moja, na vinatazamana, kwa sababu baba alijenga hivyo makusudi ili hewa ipite. Mudogo wangu akapiga hesabu: kumbe miaka yote hii pesa zetu zinatokea dirishani! Akachukua kipande cha turubai, akakikunja mara mbili, akapigilia misumari, nyufa zote akaziba na udongo. Kazi safi kabisa. Tuliporudi kutoka shambani tulimsifu. Mama alisema angalau sasa baridi haitaingia.

Usiku ule mama aliingiza mbabula ndani. Munajua baridi ya mwezi wa sita, na munajua wengi wetu tunafanya hivyo. Tukimaliza kupika bukari, makala bado ni mekundu, tunavuta mbabula ndani itupashe. Tulikuwa tunafanya hivyo kila mwaka na hatukufa, kumbe lilikuwa linatuokoa lile lile dirisha la "kupoteza pesa". Usiku wa manane mtoto mdogo akaanza kutapika. Mimi kichwa kilikuwa kizito kama nimebeba mfuko wa mihogo. Mama alitaka kusimama, miguu ikakataa, akaangukia mlango, kamba ya kufungia ikakatika, na mlango ukafunguka kwa nje. Hewa ikaingia. Ni hivyo tu tulivyopona, kwa kamba mbovu.

Makala yakiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha yanatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Inakaa ndani ya damu mahali pa oksijeni, na mtu anasikia usingizi tu, analala, haamki. Asubuhi tulipofika zahanati hawakutuuliza kama tumegombana na jirani au nani ametuloga. Swali la kwanza lilikuwa: dirisha lenu liko wapi? Mudogo wangu alilia siku mbili. Sikumkaripia. Alitaka tupate pesa, nani hapa hataki pesa?

Baada ya hapo nikaanza kusoma, maana nilitaka kujua nani aliyebuni kitu hicho. Bando lilikwisha mara mbili. Na nilichokuta ni tofauti sana na zile video.

Hayo maneno mawili ni ya Kichina: feng ni upepo, shui ni maji. Elimu hiyo ni ya zamani sana, na hapo mwanzo ilihusu makaburi kama ilivyohusu nyumba: wapi pa kumzika mzazi ili upepo usitawanye nguvu ya ardhi, na maji yawe karibu ya kuishika. Kitabu kinachotajwa sana juu ya jambo hilo kinahesabiwa kuwa cha Guo Pu, mtu aliyekufa mwaka 324. Dira yenyewe, ile sindano inayoonyesha kaskazini, Wachina waliitumia kupangia majengo na makaburi kabla ya mabaharia kwenda nayo baharini.

Kanuni yao kubwa ni kwamba nyumba itazame kusini, na mgongo wake uegemee mlima upande wa kaskazini. Juu ya nini? Fikiria ramani ya dunia. China iko kaskazini mwa ikweta. Kule, wakati wa baridi, jua la mchana linapita upande wa kusini, na upepo mkali unashuka kutoka kaskazini, kutoka Mongolia na Siberia. Mtu aliyejenga akitazama kusini alipata jua mlangoni na alikinga mgongo wake na baridi. Hiyo ni akili ya mkulima, ya mtu aliyekaa mahali pake akatazama. Mambo ya kona ya pesa na ya chura wa dhahabu watu waliyaongeza juu, kama vile unavyopaka nyumba rangi wakati ukuta umeshasimama.

Sasa siye tuko wapi? Mantapala iko kusini mwa ikweta, kama nyuzi 9 hivi. Mwezi wa sita, simama nje saa sita mchana utazame kivuli chako. Kinaanguka upande wa kusini, maana yake jua liko kaskazini. Mwezi wa kumi, wakati joto linatuua, jua linapita juu ya kichwa kabisa. Mwezi wa kumi na mbili linavuka kidogo kwenda kusini halafu linarudi. Kwa hiyo yule anayekuambia ugeuze mlango utazame kusini ili upate nuru na joto anakupa majibu ya mtihani wa shule nyingine. Kwetu ukuta wa kuogopa ni wa magharibi. Unaota jua kuanzia saa nane mpaka machweo, halafu usiku kucha unawarudishia joto mulio ndani. Kama unajenga upya, upande mrefu wa nyumba ulale mashariki kwenda magharibi, madirisha yawe kaskazini na kusini. Kama umeshajenga, usibomoe, panda mpapai au mwembe upande ule. Mpapai unakua haraka.

Upepo nao. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane upepo wetu unatoka kusini-mashariki, mkavu, na vumbi lake. Hewa ya mvua inakuja kutoka upande mwingine, kaskazini-magharibi. Wataalamu wa hali ya hewa wa hapa Zambia wana jina lake, wanaiita hewa ya Kongo. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Kumbe hata mvua inatoka kwetu na kuvuka Mweru, ila yenyewe haiulizwi karatasi.

Ukijua hayo mawili, utajua pa kuweka jiko la nje. Ukiliweka upande wa kusini-mashariki wa nyumba, kiangazi chote moshi unaingia ndani na cheche zinarukia nyasi za paa. Ukiliweka kaskazini-magharibi, upepo unabeba moshi na cheche kwenda mbali na nyumba. Piteni mutazame nyumba za mstari wenu, muhesabu ngapi zina paa leusi upande mmoja. Kama ukitaka kuiita hiyo fengi shui, iite. Mama anaiita kuwa na macho.

Juu ya kona ya pesa sitakaa sana. Walimu wao wenyewe hawapatani. Wale wa dira wanasema ni kona ya kusini-mashariki. Wale wa shule iliyoenezwa Marekani na Lin Yun hawatumii dira, wanapima kutoka mlangoni: ukiingia, ni kona ya mwisho kushoto. Kwetu kona ya kwanza ina mfuko wa mihogo mikavu, ya pili ina shimo la panya. Ukimuuliza panya kona ya mali ni ipi, atakuonyesha bila dira. Lakini kuna kijana amemtoza jirani yangu kwacha 150 ili amwonyeshe kona yake kwa simu, bila hata kufika! Mama wa watu ana watoto watano. Matajiri wanaweza kucheza mchezo huo. Disneyland ya Hong Kong, iliyofunguliwa mwaka 2005, iligeuza lango lake nyuzi 12 kwa ushauri wa wataalamu wa fengi shui. Haya, kama walikosea walipoteza saruji. Huyu mama kwa kwacha 150 angenunua wavu wa dirisha na misumari yake.

Ninasema wavu kwa sababu bado hatujafika kwenye maji, na hapa ndipo video zinaweza kutuumiza tena. Wachina wanasema maji ni mali, na video moja ilisema weka beseni la maji karibu na mlango. Kule sijui. Hapa tuko wilaya ya Nchelenge, ambayo ni moja ya wilaya zenye malaria nyingi kuliko zote Zambia. Mbu anayeitwa funestusi anapenda maji yanayokaa mwaka mzima yenye majani pembeni, kama ya vijito na vinamasi vyetu, na anauma usiku, ndani ya nyumba, watu wakiwa wamelala. Yule mwingine, gambiae, anapenda vidimbwi vya mvua vilivyo juani. Na nani alichimba vidimbwi hivyo? Siye. Kila nyumba hapa ina shimo ambapo ulitoka udongo wa matofali yake, hatua kumi kutoka mlangoni. Mvua ikianza shimo linajaa, watoto wanafurahi, vyura wanaimba, na mwezi wa pili tuko wote kwenye mstari wa zahanati. Hata huyo Mchina wa zamani angelikataa. Kwao maji mazuri ni yanayotembea, maji yaliyosimama na kuoza ni balaa mbele ya nyumba. Kwa hiyo hapo nakubaliana naye moja kwa moja. Lile shimo lifukieni, au mulifanye la takataka na majivu mpaka lijae, mupande mgomba juu.

Halafu kuna ule mwanya kati ya ukuta na paa. Mbu wanapenda kuingilia pale. Lakini pale pale ndipo moshi na hewa chafu vinatoka, sasa ukiuziba na udongo unarudi kwenye hadithi yangu ya mbabula. Dawa ni kuziba na kitu kinachopitisha hewa na kuzuia mbu. Chandarua kilichochakaa, ambacho hakiwezi tena kazi ya kitandani, kinaweza kazi hiyo kama ukikishona matundu. Chandarua kizuri kinabaki kitandani. (Na wale wanaopeleka chandarua kipya ziwani kuvulia chisense, siye tunajuana, tutaongea siku nyingine.)

Nilisema kuna kitu nakipenda. Ni hiki. Fengi shui inafundisha kwamba kitanda kiwekwe mahali ambapo mtu akiwa amelala anaweza kuuona mlango, lakini asiwe kwenye mstari wake, na miguu yake isielekee mlangoni moja kwa moja. Huo mkao wa miguu mlangoni wanauita wa maiti, kwa sababu maiti anatolewa miguu mbele. Nilimsomea mama. Alinyamaza. Halafu akasema, "Hata kwetu ni vile."

Tangu tulipotoka upande wa Pweto mwaka 2017, mama analala karibu na mlango. Siyo karibu tu, ni juu ya kizingiti kabisa, kwenye mkeka, viatu kando, na begi lenye karatasi zetu, chumvi na kiberiti. Kule Kenani, kwenye mahema, alilala hivyo, na hatukushangaa, karibu kila mama alilala hivyo. Tulipohamishiwa Mantapala mwaka 2018, baba alijenga, akatengeneza kitanda cha miti, na mama akabaki mlangoni. Anataka kusikia wa kwanza. Shida ni kwamba pale mlangoni huwezi kufunga chandarua, kila anayetoka usiku anamkanyaga, na upepo wa chini ya mlango unampiga mgongo. Msimu mmoja wa mvua alipata malaria mara tatu. Tulimwambia mara ngapi, mama, hapa hakuna vita, rudi kitandani. Unaweza kumwambia mtu hivyo miaka saba. Masikio yake ya usiku hayakusikii.

Baada ya mambo ya mbabula tulifungua dirisha tena, na mimi nikaomba tujaribu kuhamisha kitanda. Mudogo wangu akatoka nje. "Yaya, uko nageuza kitanda? Na weye umeanza?" Nikamwambia shika huko, nyanyua. Tulikiweka kwenye ukuta wa ndani, pembeni. Ukilala pale unaona mlango na dirisha vyote viwili bila kugeuza shingo. Mgongo una ukuta. Chandarua kimefungwa kwenye boriti. Begi sikuthubutu kulifungua wala kuliweka mbali, nilipiga msumari juu ya kichwa chake nikalitundika. Viatu viko chini. Mama akajilaza akiwa na kitenge chake, akatazama mlango muda mrefu, akatazama dirisha, akainua mkono akagusa begi. Akasema tu, "Hapa sawa." Analala hapo mpaka leo.

Sijui kama ni nguvu ya ardhi. Ninachojua ni kwamba mtu aliyewahi kuamshwa na risasi hawezi kulala akiwa ameupa mlango mgongo, na aliyeandika kanuni ile kule China lazima naye alikuwa na sababu zake. Kama nyumbani kwako kuna mama au mtoto asiyelala vizuri, kabla ya kumpeleka kwa maombi ya usiku kucha, jaribu kwanza kumwekea kitanda mahali anapoona nani anaingia. Ni bure.

Sasa najua jibu nitakalopata kutoka kwa wakubwa, kwa sababu nimeshalipata. Nkambo mmoja wa mstari wetu, tunayemuheshimu sana, aliniona nikipaka ukuta udongo mweupe, akasema, "Mwanangu, nyumba ya mu njia, unaipamba juu ya nini?" Na hayuko peke yake. Kuna watu hapa wanakataa kupanda mwembe kwa sababu mwembe unachukua miaka mingi kuzaa, na kuupanda ni kama kutia sahihi kwamba haturudi. Wengine hawatengenezi dirisha tangu 2018. Ninaelewa kabisa. Ukirekebisha nyumba unaogopa ndugu waliobaki watasema umesahau. Lakini mtoto aliyefika hapa akiwa mgongoni leo anasoma darasa la pili. Kifua chake hakijui kwamba moshi huu ni wa muda. Siku ya kurudi ikifika, dirisha halitatushika mguu, tutaliacha kama tulivyoacha mengine makubwa zaidi.

Nilimjibu nkambo hivyo, kwa heshima, nikiwa nimechuchumaa. Hakukasirika. Alinyamaza, halafu akaanza kunisimulia nyumba yake ya Lukonzolwa, baraza lake lilivyotazama ziwa, jinsi alivyokuwa anaona mitumbwi ikirudi asubuhi akiwa bado anafagia. Aliongea mpaka giza likaingia. Kesho yake akaniita. Anataka dirisha. Nyumba yake ilikuwa haina hata moja.

Nikafurahi, nikaenda na maelezo yangu yote. Nikamchorea jua chini kwa kijiti, nikamwonyesha kivuli, nikamwambia nkambo, tutoboe upande wa kaskazini, hewa itapita vizuri na hutapata joto. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye anataka upande wa magharibi. Nikasema nkambo, magharibi ndiko jua linakochoma, utaiva humo ndani. Akasema anajua, yeye siyo mtoto. Lakini ziwa liko upande ule, na Lukonzolwa iko ng'ambo yake.

Ziwa lenyewe halionekani kutoka pale, kuna miti na nyumba za watu. Tulitoboa. Dogo, kimo cha macho yake akiwa amekaa. Tumeweka wavu, na kwa nje mudogo wangu amemfumia mkeka unaoshushwa kwa kamba. Saa nane nkambo anaushusha, saa kumi na moja na nusu anaupandisha, anavuta kiti.